Akinyi wa Jioni

“Picha haina mdomo,” Calvince Owiti alipenda kusema, huku akiizungusha brashi kati ya vidole vyake. “Mtu ukimsemea uongo, atakukanusha mbele za watu. Lakini picha? Isemee unavyotaka. Itakutazama tu.”

Maneno hayo aliyasemea mtaani Obunga, mjini Kisumu, kwenye benchi la kibanda cha mamake, na wateja walikuwa wameyasikia mpaka wakawa wanamsaidia kuyamalizia. Mungu alimpa kijana huyu mikono miwili na mdomo mmoja, lakini ukipima kazi, ungedhani hesabu ilikuwa kinyume.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakusema kwamba mwongo hafiki popote. Hufika, tena mara nyingine hufika akiwa ndani ya koti la kuazima na kupigiwa makofi. Walichosema ni kwamba barabara humwishia miguuni ilhali yeye bado ana hamu ya kutembea. Hayo ndiyo yaliyompata Calvince, na yalimpata mchana kweupe.

Kazi yake ilikuwa kuchora mabango. Yeye na rafiki yake Shitanda ndio waliochora vile vichwa vya vinyozi vyenye nywele zilizonyooka kuliko rula, na wale ng’ombe wa buchari wanaotabasamu kana kwamba hawajui wanakokwenda. Lakini Calvince alikuwa na kipaji kilichozidi mabango, na hilo hata maadui zake walilikubali. Akichora jicho, lilikufuata.

Shida yake ilikuwa mahali pa kuchorea. Alichorea nyuma ya kibanda ambako mamake, Benta, aliyejulikana mtaa mzima kama Mama Calvi, alikaanga mgongo wazi tangu asubuhi. Asiyeujua mgongo wazi ni yule ambaye hajawahi kulala njaa Kisumu: samaki wa mbuta akishatolewa minofu viwandani, minofu hupanda ndege kwenda kwa wenye meza za vioo, na mifupa yenye kichwa na mkia huteremka Obunga, ikakaangwa hadi ikawa chakula cha watu. Karai la Mama Calvi lilitoa moshi wa mafuta, moshi ukatua kwenye rangi mbichi, na kwa hiyo kila mtu aliyechorwa na Calvince alitoka na uso uliong’aa kama amekaangwa. Hata wachungaji.

Ndipo jumba moja la sanaa kule Milimani, mtaa wa wenye nacho, lilipotangaza shindano. Atakayeleta picha bora ya mtu wa ziwa angepewa chumba cha kuchorea kwa mwaka mzima: madirisha mapana, maji ya bomba, ufunguo mfukoni. Calvince alipokiona chumba kile alisimama katikati yake, akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakusikia harufu ya mafuta. Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Alikitaka chumba kile kama mgonjwa anavyotaka kupona.

Sharti lilikuwa moja. Mchoraji aketi na mtu anayemchora, amjue kwa jina, kwao na kazi yake. Wenzake wakafunga safari, huyu Port Victoria, yule Usenge, kuwatafuta wavuvi na waanika omena, wale dagaa wa ziwani. Calvince hakwenda kokote. Alimngoja mamake azime moto, kisha akamkalisha juu ya debe la rangi lililopinduliwa, na beseni la mgongo wazi uliobaki mapajani.

“Ya nini hii?” mamake akauliza.

“Zoezi tu, Mama. La mkono.”

“Mkono wako una shida gani?”

“Tulia basi, Mama. Usigeuze shingo.”

Wakakaa hivyo jioni baada ya jioni. Mama Calvi alikuwa mchovu, na uchovu wake ulikuwa wa aina ambayo mchoraji huiomba kwa Mungu: mabega yameshuka lakini kichwa kimekataa kushuka. Alikuwa na mwanya kwenye meno ya juu, na mkono wake wa kulia, kuanzia kiwiko hadi kifundo, ulikuwa na kovu jekundu la mafuta, lililokunjamana kama karatasi iliyokaribia moto.

“Hilo kovu nitaliondoa,” Calvince alimwambia.

“Kwani linakuuma wewe?”

“Nataka utoke mrembo.”

“Mm,” alisema mamake, akaendelea kutulia.

Picha ilipokamilika, Calvince mwenyewe aliogopa. Hakuwahi kuchora kitu kama kile, na alijua kwamba huenda asichore tena. Lakini alipofikiria waheshimiwa wa Milimani wakiinama kutazama mifupa ya samaki ambaye tayari ameliwa na wengine, uso wake ulipata joto. Akachukua brashi. Kovu akalifunika. Juu ya mgongo wazi akapaka samaki wa ngege wanono wenye magamba ya fedha. Debe akaligeuza jiwe. Aproni yenye madoa ikawa leso ya maua, na pale palipokuwa na mabati ya kibanda, akachora ziwa, na juu ya ziwa jua kubwa lililogusa maji, kama alivyoliona mara nyingi akiwa ufuoni Dunga.

Mwisho akaandika kadi ya kubandika kando ya picha: “Akinyi. Asubuhi, ufuo wa Usenge.” Akinyi ni jina la msichana aliyezaliwa asubuhi, na asubuhi ndipo mashua za omena hurudi. Calvince akajipigapiga kifuani kwa werevu wake. Palikuwa na kosa moja ambalo hakuliona, nasi tumwache nalo kwanza.

Mwenye jumba, Madam Nasambu, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning’inia kwa uzi, aliitazama picha ile kwa muda mrefu.

“Uliketi naye kweli?”

“Wiki nzima, Madam. Nilikula kwake, nikalala kwa jirani yake. Tulipoagana alilia.”

“Na wewe mwenyewe? Wazazi wako wanafanya kazi gani?”

Calvince akaliona karai akilini, na moshi wake. “Mimi, Madam,” akasema kwa sauti ya chini, “nililelewa na ziwa.”

“Oo,” akasema Madam Nasambu, akamshika bega. “Kwa hiyo mama… Pole sana, kijana wangu.”

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema “Hapana, Madam, mama yuko, mzima wa afya, anakaanga.” Nafasi ile ilikuwa pana kiasi cha kupitisha lori. Calvince akaiangalia ikipita, kisha akainamisha kichwa na kusema, “Asante, Madam. Nimeshapoa.”

Siku ya kufungua maonyesho ilikuwa Jumamosi alasiri. Shitanda ndiye aliyesaidia kuibeba picha na kuitundika. Alipomaliza kugonga msumari, alirudi nyuma, akainamisha kichwa kushoto, kisha kulia.

“Omera,” alimwambia, maana alikuwa amekaa na Wajaluo hadi akawaibia neno lao la kuitana ndugu, “huyu si Mama Calvi?”

“Ni Akinyi. Soma kadi.”

“Akinyi gani ana mwanya wa Mama Calvi?”

“Kwani Usenge hakuna mianya?”

“Na mama mwenyewe umemwambia kuna sherehe?”

“Amechoka, bana. Tena hana viatu vya kuja huku.”

Shitanda aliutazama tena ule mwanya. Alitoa simu mfukoni, akatoka nje kuongea.

Wageni wakaja. Wakatembea polepole na bilauri za juisi, wakisema “mm” mbele ya kila picha. Mgeni wa heshima alikuwa Mzee Joram, mwenyekiti wa wavuvi kutoka Usenge, mtu mrefu mwenye kofia ya kanisa na sauti iliyozoea kushindana na injini za mashua. Alipoambiwa kuna picha ya kwao, aliifuata moja kwa moja. Akavaa miwani, akasoma kadi. Akalitazama lile jua. Akaisoma kadi tena.

“Asubuhi?” alijiuliza. Kisha akacheka, akamsalimu yule mwanamke wa picha kwa utani, kama unavyomsalimu mtoto aliyebebwa mgongoni. “Haya. Oyaore, Akinyi!”

Hiyo ni salamu ya asubuhi.

“Oimore,” ikajibu picha.

Hiyo ni ya jioni.

Mzee Joram akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

“Jua liko kwenye maji, Mzee,” mwanamke wa kwenye picha akaendelea, kwa sauti ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuongea. “Usenge na Kisumu, ziwa liko upande gani? Jua likifika kwenye maji ni la kulala. Asubuhi wameitoa wapi hawa?”

Kisha akautoa mguu mmoja nje ya fremu, akapapasa hewa, akamtazama Calvince. “Wewe, usisimame hivyo kama nguzo ya stima. Shika beseni nishuke.”

Calvince akalishika beseni. Lilikuwa baridi, na lilinuka tapentaini. Mwanamke akateremka, akajinyoosha kiuno, akaketi kwenye kiti cha kwanza alichokiona. Ukutani ilibaki fremu yenye ziwa, jua, na jiwe tupu.

Mtu mmoja alipiga kelele, lakini alipoona hakuna aliyekufa, akanyamaza kwa aibu. Simu zikatoka mifukoni. Madam Nasambu alikwenda kwanza kuhakikisha msumari haujalegea, maana ukuta ule ulikuwa umepakwa rangi juzi. Halafu ndipo alipokaa chini na kujipepea kwa orodha ya wageni.

Mdomo wa Calvince ulizinduka kabla ya mwenyewe.

“Mabibi na mabwana!” akasema, akipanua mikono. “Si mmeona? Siku zote nimesema: mimi nikichora mtu, kinachombakisha ukutani ni adabu yake tu!”

Makofi yakalipuka kama mvua kwenye bati. Madam Nasambu akasimama, ufunguo wa chumba mkononi, ukining’inia kwenye kipande cha utepe mwekundu. “Calvince,” akasema, “sioni nani atakushinda leo. Mzee Joram amsalimie tu mtu wa kwao, kisha tumalize.”

Mzee Joram akavuta kiti. “Nyar kanye?” akauliza, yaani yeye ni binti wa wapi, swali ambalo Mjaluo yeyote hulijibu akiwa hata usingizini.

“Muulize huyu,” mwanamke akasema, akimwonyesha Calvince kwa kidevu. “Mimi sina ila alichonipa. Na alichonipa hakinitoshi. Amenipa jina la asubuhi, akaniketisha jioni. Shingo inaniuma kwa kutafuta jua la pili.”

Akapiga chafya. Pindo la leso yake likabanduka, likaanguka sakafuni, kipande kikavu cha rangi kama ganda la yai.

Mzee Joram akakitazama kile kipande, uso wake ukabadilika. “Hii naijua,” akasema. “Mtoto akipewa jina lisilo lake, hulia usiku na mchana, hanyonyi, halali. Wazee hukaa wakamtajia majina, la huyu, la yule, mpaka wafikie lake. Likitajwa, ananyamaza pale pale. Huyu ni mtu mzima, hawezi kulia. Anapukutika. Mama, jina lako nani?”

“Ningelijua ningekuwa nimeshuka?”

Basi wakaanza kumtajia majina. Mwanzoni ilikuwa kama mchezo. “Adhiambo!” akasema Mzee Joram, kwa kuwa jua lilikuwa la jioni. Mwanamke akapiga chafya. Maua mawili ya leso yakaanguka. “Achieng’!” wengine wakadakia. “Atieno!” Chafya. “Nekesa!” akajaribu mama mmoja wa Bungoma.

“Dada yangu, asante,” akasema mwanamke wa picha, “lakini mimi sikuzaliwa wakati wa mavuno.” Akapiga chafya tena, na safari hii ngege wote wa kwenye beseni wakapukutika magamba.

Mzee Joram akainama. Akaingiza mkono ndani ya beseni, akainua kile kilichokuwa chini ya magamba. Kichwa, uti, mkia.

“Huyu si ngege,” akasema polepole. “Huu ni mgongo wazi.”

Calvince akakohoa.

“Ni mtindo huo, Mzee. Samaki ndani ya samaki. Ina maana ya ndani sana.”

“Maana gani?”

“Ya ndani.”

“Kijana, mimi nimezaliwa Usenge, nimeoa Usenge, na kaburi langu liko Usenge linaningoja. Hatuketi ufuoni na mgongo wazi kama waliokosa samaki. Huu ni wa viwanda vyenu vya huku mjini.”

“Alikuja mjini kununua,” Calvince akasema haraka.

“Mvuvi aje mjini kununua mifupa?”

“Wa… wa kuonjesha watu kwao.”

Mmoja akacheka, akajificha nyuma ya bilauri. Mwanamke akajikuna mkono wa kulia. “Hapa pananiwasha tangu niumbwe,” akasema, akakwangua kwa ukucha, na ngozi laini ya kahawia ikabanduka kama ganda la ndizi. Kovu jekundu likatokea, kutoka kiwiko hadi kifundo.

“Hilo alikatwa na wavu,” Calvince akasema kabla hajaulizwa.

“Wavu gani una moto?” mwanamke akamuuliza. “Haya ni mafuta.”

Madam Nasambu alikuwa ameshaufunga ufunguo ndani ya kiganja. “Calvince,” akasema, na sauti yake haikuwa tena ya kushika mtu bega. “Ulikula kwake wiki nzima. Tusaidie basi, kabla hajaisha. Anaitwaje?”

Calvince alilijua lile jina. Lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi wake kama punje ya chumvi. Lakini jina lile lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na kibanda, na kibanda kilikuwa na moshi. Akilitamka, lingevuta yote hayo hadi Milimani. Akautazama ule utepe mwekundu uliochungulia kati ya vidole vya Madam. Akayaona madirisha mapana, na maji ya bomba. Kisha akamtazama mwanamke. Ufa mwembamba ulikuwa umeanzia chini ya jicho, ukawa unashuka polepole kwenye shavu, kama tope la ufuoni linavyopasuka wakati wa kiangazi. Uso ule aliuchora kwa mkono wake, na kabla ya kuuchora, uso ule ndio uliomwinamia kila alipougua.

Macho yake yakarudi kwenye utepe.

“Kusema kweli, Madam,” akasema, “mimi huyu mama simjui. Nilimwona tu.”

“Hunijui?”

Sauti ilitoka mlangoni. Watu wakageuka. Pale alisimama Mama Calvi, sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa mikononi, nyuma yake Shitanda akiangalia dari kana kwamba amelipwa kuikagua. Mama Calvi alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili. Miguuni alikuwa na viatu vyeusi vya kanisani, vimepigwa rangi vikang’aa.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwanya ulikuwa mmoja, mabega yalikuwa yale yale, kovu lilikuwa pacha wa kovu. Mama Calvi akatembea hadi kwenye kiti, akamtazama mwenzake, naye mwenzake akamtazama.

“Habari ya kukaa?” Mama Calvi akasalimu.

“Kukaa kumenivunja mgongo. Lile debe lina ukingo. Uliwezaje jioni zote zile?”

“Niliambiwa ni zoezi.”

Madam Nasambu akasogea. “Samahani, Mama. Wewe ni nani kwa huyu kijana?”

“Mimi ndiye niliyemzaa.”

“Mungu wangu. Na mimi nilimpa pole, akaipokea!”

“Pole ya nini?”

Madam Nasambu alimtazama Calvince amjibu. Calvince alitazama viatu vya mamake. “Ya msiba, Mama,” Madam akalazimika kusema. “Wako.”

Mama Calvi akaiweka sufuria chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga. Hakupiga kelele. Watu wa Obunga wanaomjua wanasema hapo ndipo pa kuogopa.

“Owiti,” akamwita mwanawe kwa jina la kwao. “Unajua kwa nini unaitwa hivyo. Niambie mbele ya watu.”

“Mama…”

“Basi nitasema mimi. Kabla yako nilizika watoto. Ulipozaliwa wewe, wakasema huyu naye atakwenda, isipokuwa atupwe. Nikakubeba, nikakuweka njiani kama takataka, kwa desturi, ili kifo kipite kikidhani huna mwenyewe. Nyanya yako akajifanya mpita njia, akakuokota, akanirudishia. Ndio ukaitwa Owiti, aliyetupwa. Nilikutupa ili uishi, na macho yangu hayakutoka kwako hata nukta moja. Sasa wewe umenitupa ili upate nini? Madirisha?”

Kipande cha shavu la mwanamke wa picha kikabanduka, kikatua kwenye kiatu cha Calvince.

“Mtaje,” Mzee Joram akamhimiza Mama Calvi. “Jina ni lako. Mtaje kabla hajaisha.”

“Simtaji,” akasema Mama Calvi. “Siye mimi niliyemficha. Ataje aliyemficha.”

Calvince akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kama anayetafuta mlango mwingine. Haukuwepo. Akapiga magoti mbele ya kiti, akaushika ule mkono wenye kovu, uliokuwa wa rangi na ubaridi, na kwa mara ya kwanza siku ile akasema bila kupamba.

“Akello,” akasema. “Benta Akello. Alizaliwa akiwafuata mapacha. Anakaanga mgongo wazi Obunga. Kovu hili alilipata karai lilipopinduka, akaninyanyua mimi kwanza. Ni mama yangu. Usenge sijawahi kufika.”

Mwanamke wa picha akashusha pumzi ndefu. Ufa ukasimama pale pale ulipofikia. “Akello,” akalionja jina. “Ndiyo. Hili linanitosha.” Akainuka, akachukua beseni lake, akaweka mguu kwenye fremu na kupanda. Jiwe lilipomhisi likawa debe. Wanasema alitulia palepale, kichwa juu na mabega chini, na jua la jioni likawa jua la jioni.

Chumba akakipata Winny, msichana wa Nyalenda aliyemchora babu mmoja akishona wavu. Babu huyo alikaa ukutani siku nzima bila kusema neno. Madam Nasambu aliurarua kwa mkono wake mwenyewe ule utepe uliokuwa umeandaliwa kwa ajili ya Calvince, akaipeleka kadi ya Akinyi jikoni kuwashia jiko, na picha akamkabidhi Mama Calvi. Wageni wakafunua sufuria, maana Mama Calvi hakujua kwenda kwenye sherehe mikono mitupu. Mzee Joram alinyonya uti wa mbuta hadi ukawa mweupe kama chaki, akatamka mbele ya wote kwamba Usenge wamekuwa wakikosa jambo.

Nyumbani, mama alimnunia mwanawe kwa siku kadhaa, kisha akampa maji ya kunawa na chakula bila maneno, na kwa hao wawili huo ulikuwa msamaha. Picha ikatundikwa kibandani, juu ya karai. Moshi ukaing’arisha. Wateja wakaongezeka, wengine wakija kula na wengine wakija kusubiri kama itasema. Haikusema. Ilikaa hapo kimya, jioni yake ikiwaka, hata watu wakaanza kudhani kisa kizima kilikuwa cha vijana wasio na kazi.

Nacho kimya hicho ndicho kilichomrudishia Calvince ulimi. Jioni moja mamake alikuwa amekwenda kununua makaa, Shitanda yuko kwenye ngazi akichora bango ng’ambo ya barabara, na benchi limejaa wageni waliotoka Bondo. Calvince akavuta debe lile lile, akaketi.

“Mnauliza kuhusu chumba?” akawaambia. “Chumba nilikikataa mwenyewe. Nilimwambia Madam peupe: siwezi kumwacha mamangu akikaanga peke yake.”

“Na lile jina?” mmoja akauliza, akimung’unya mfupa. “Tulisikia ulilificha.”

“Nani, mimi?” Calvince akacheka kwa huruma, kama mtu anayesamehe wajinga. “Mimi nilisimama pale mlangoni, kabla hata wageni hawajafika, nikalitaja kwa hiari yangu: huyu ni mama yangu mzazi, Benta Akello, na asiyemtaka asi—”

Juu ya karai, mtu akapiga chafya.

Benchi zima likainua macho. Kwenye msumari, mwanamke wa rangi alikuwa amegeuza shingo. Alimtazama Calvince, akapangusa pua kwa mkono wake wenye kovu, akatulia kama shahidi aliyeapishwa.

“Owiti,” akasema, “rudia hapo pa hiari.”

Wageni wa Bondo wakacheka hadi mifupa ikawakwama. Ng’ambo ya barabara Shitanda akaishika ngazi asianguke. Calvince akachukua brashi yake na kuanza kuisafisha, ingawa ilikuwa safi.

Kutoka kwenye lile debe hadi kwenye ule msumari, paka akijinyoosha anafika. Njia ya mwongo ni fupi.